Aliyetunga na Aliyebeba: Sauti ya Mama Mbebaji katika Hukumu ya California ya 1993

Kitenzi tunga kimebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mshairi hutunga shairi, binti hutunga ushanga, na mimba nayo hutunga tumboni. Katika matumizi hayo yote mna kitendo kimoja cha kuvikusanya vilivyotawanyika hadi vikashikamana na kuwa kitu. Ni nadra lugha kumpa mhakiki istilahi moja inayoitosha kalamu na tumbo kwa pamoja. Kiingereza kina bahati iyo hiyo, kwani neno lake la kushika mimba ndilo neno lake la kupata wazo. Bahati hii, ambayo kwa kawaida huwafaa washairi tu, iliingia mahakamani tarehe 20 Mei 1993, Mahakama ya Juu ya jimbo la California, Marekani, ilipoamua ni nani mama wa mtoto aliyezaliwa na mwanamke mmoja kutokana na yai la mwanamke mwingine. Hukumu iliazima maneno ya mwandishi mmoja wa masuala ya sheria aliyedai kwamba dhana ya mtoto akilini ni nguzo ya kuumbwa kwake, na kwamba walioianzisha dhana hiyo ndio wanaostahili kuhesabiwa kuwa wamemtunga mtoto mwenyewe. Makala haya yanaisoma hukumu hiyo kama masimulizi, na kuuliza yalimweka wapi yule ambaye hakutunga bali alibeba.

Mlango wa kesi ya aina hii ulifunguliwa na maabara. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Uingereza Louise Brown, mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa nje ya mwili. Kabla ya hapo, kubeba mimba kwa ajili ya mwingine kulikuwa ni kubeba mtoto wa damu yako mwenyewe. Hajiri alipomzalia Abramu kwa shauri la Sarai, na Bilha alipozaa kwa niaba ya Raheli, walizaa watoto wao. Hata Mary Beth Whitehead wa New Jersey, ambaye kesi yake iliyojulikana kama ya 'Baby M' ilivuma baina ya 1986 na 1988, alikuwa mama kwa yai na kwa tumbo. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliubatilisha mkataba wake Februari 1988 na kumtambua kuwa mama, ingawa mtoto alibaki kwa baba yake. Kiinitete kitokacho maabarani kiligeuza hesabu hiyo yote. Mwanamke anayekipokea hutayarishwa kwa homoni ili ukuta wa mji wake wa mimba uwe tayari. Mwili wake humkubali mgeni asiye na nasaba naye, humlisha kwa kondo la nyuma lililojishika katika damu yake, na mwishowe humtoa kwa uchungu ule ule aujuao kila mzazi. Mimba ya kwanza ya namna hii iliripotiwa Marekani mwaka 1985. Katika kipindi cha miaka mitano ikaja kesi ya Anna Johnson.

Johnson alikuwa muuguzi, mwanamke Mweusi, mama wa mtoto mmoja wa kike. Mwaka 1989 alisikia kutoka kwa mfanyakazi mwenzake habari za Crispina Calvert, mwanamke wa asili ya Ufilipino ambaye mfuko wake wa uzazi ulikuwa umeondolewa mwaka 1984 lakini ovari zake zilikuwa bado zinatoa mayai. Johnson alijitolea kumbebea. Tarehe 15 Januari 1990 yeye, Crispina na Mark, mumewe Crispina, walitia sahihi mkataba. Kiinitete kingetokana na yai la mke na mbegu ya mume. Mtoto angechukuliwa nyumbani kwao kama mtoto wao. Johnson angeachilia haki zote za mzazi. Kwa upande wao, wangemlipa dola 10,000 kwa awamu, awamu ya mwisho wiki sita baada ya kujifungua, na kumkatia bima ya maisha ya dola 200,000. Kiinitete kiliwekwa tumboni mwake siku nne baada ya sahihi hizo.

Baadaye mambo yaliharibika. Mark alikuja kujua kuwa Johnson hakuwa amewaeleza kwamba mimba zake kadhaa ziliwahi kuharibika au kuishia kwa mtoto mfu. Johnson naye aliona kwamba wenzake hawakufanya bidii ya kutosha kuipata ile bima. Mwezi Juni alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akahisi ametelekezwa. Mwezi Julai aliandika barua akidai alipwe salio la fedha zake, la sivyo hatamtoa mtoto. Mwezi uliofuata Mark na Crispina walikwenda mahakamani wakitaka watangazwe wazazi wa mtoto aliyekuwa bado hajazaliwa, na Johnson akafungua shauri lake akitaka atangazwe mama. Mtoto alizaliwa tarehe 19 Septemba 1990. Vipimo vya damu vikathibitisha lililokuwa likijulikana tangu mwanzo, kwamba Johnson hakuwa na nasaba naye. Mwezi Oktoba jaji wa mahakama ya mwanzo alimlinganisha na mlezi wa muda, yule anayemtunza mtoto wa wenyewe hadi wenyewe watakapoweza kumchukua, akaamua kuwa hana haki yoyote ya mzazi. Ruhusa ya kumzuru mtoto, aliyokuwa amepewa kwa muda, ilikomeshwa. Mahakama ya rufani iliuunga mkono uamuzi huo.

Msomaji aliyezoea kuchambua usimulizi hatakosa kuona jinsi matukio haya yalivyopangwa katika hukumu. Johnson anasikia, anajitolea, anatia sahihi, anaficha, anadai. Hivyo ni vitenzi vya mtu wa mkataba. Miezi minane ambayo mwili wake ulikuwa ukifanya kazi usiku na mchana imepewa sentensi chache, na katika hizo kuna moja tu inayomwonyesha akiwa mgonjwa na peke yake. Hata hiyo inatajwa kama sababu ya uhusiano kuzorota, katika orodha moja na suala la bima. Maandishi pekee ya mkono wake yanayoingia katika masimulizi ni ile barua ya Julai, nayo inaingia kwa muhtasari, kama ushahidi wa dai la fedha. Hukumu, kama utanzu, haikuumbwa ili kueleza hisia. Lakini ikiwa nia ya watu wawili ndiyo itakayokata shauri, basi masimulizi yamekwisha kumpendelea yule ambaye nia yake haikubadilika, na mwenye mimba ndiye pekee kati ya watatu ambaye mwili wake ulikuwa mahali ambapo nia huweza kubadilika.

Kisheria tatizo lilikuwa gumu kwelikweli. Sheria ya jimbo ya mwaka 1975 kuhusu uzazi iliruhusu umama uthibitishwe kwa kuzaa, na iliruhusu pia ushahidi wa nasaba. Wanawake wawili walikuwa wameleta ushahidi mzuri, kila mmoja wa aina yake. Jaji Edward Panelli, aliyeandika kwa niaba ya wengi, aliutegua mkwamo huo kwa kigezo cha tatu: mama ni yule aliyekusudia mtoto apatikane na aliyekusudia kumlea kama wake. Bila nia ya Mark na Crispina, alisema, mtoto asingekuwapo. Kwa hoja hiyo Johnson alikuwa amewasaidia wengine kulitimiza kusudi lao. Panelli alilikataa pia dai kwamba mkataba wa aina hii ni utumwa, na akasema hapakuwa na uthibitisho kuwa unawanyonya wanawake maskini zaidi ya jinsi dhiki kwa jumla inavyowasukuma kukubali kazi duni za malipo madogo. Hoja hii ina ukweli wake, na ndiyo inayosikitisha zaidi katika hukumu nzima. Jambo lililotolewa ili kumfariji msomaji linakiri kwamba tumbo limekwisha kuingia sokoni pamoja na mikono. Kwa mwanamke Mweusi wa Marekani, ambaye bibi zake walizaa watoto walioandikwa katika daftari za mali za watu wengine, dai la utumwa halikuwa tamathali ya usemi. Hata hivyo hoja ya Mahakama haikujengwa juu ya historia hiyo.

Kati ya majaji saba alikuwapo mwanamke mmoja, Joyce Kennard, naye ndiye pekee aliyepinga. Upinzani wake ni uhakiki wa kifasihi kwa kila hali, ingawa hakuuita hivyo. Aliishika ile sitiari ya kutunga, akaonyesha ilikotoka: ni lugha ya sheria ya haki za waandishi na wavumbuzi, inayomlinda mwenye wazo dhidi ya anayelinakili. Lakini mtoto si kitabu wala mtambo, na hakuna mwenye hakimiliki juu yake. Aliongeza kwamba mwanamke anayebeba mimba kwa kukusudia ni zaidi ya chombo cha kuhifadhia au mnyama wa kuzalishia. Ni mtendaji mwenye fahamu katika kuumba, si chini ya mwenye yai. Kennard hakusema Johnson apewe mtoto. Alitaka swali liamuliwe kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Yamkini matokeo yangekuwa yale yale, lakini Johnson angetoka mahakamani akiwa mtu aliyefanya jambo, si mahali ambapo jambo lilifanyika.

Hapa sarufi ya Kiswahili ingemfaa Kennard. Mwanamke wetu hujifungua. Kiambishi -ji- kinamfanya kuwa mtendaji na mtendwa kwa wakati mmoja: ndiye aliyefungika na ndiye anayejifungua. Hakuna namna ya kukisema kitendo hicho huku yeye ameachwa nje. Vivyo hivyo neno mzazi halikubali kutengwa kwa urahisi na kuzaa, kiasi kwamba mwanamke aliyetoka kujifungua huitwa mzazi tu, bila kuulizwa mtoto ni wa nani. Istilahi mama mbadala, ambayo imeenea katika magazeti, inaharibu welekevu huo, maana inamwita mbadala yule ambaye kwa kazi ya mimba hakuna aliyekuwa badala yake. Mama mbebaji ni jina lenye haki zaidi.

Methali nazo zingegawanyika. Mawakili wa Johnson wangeweza kusimama na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa upande wa pili wangejibu kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. La ajabu ni kuwa Mahakama haikufuata hata moja kati ya hizo mbili. Haikuangalia uchungu wala malezi, ambayo hata hivyo yalikuwa ndiyo kwanza yaanze. Iliangalia nia. Waislamu wa pwani wanaifahamu sana nguvu ya nia katika ibada, lakini nasaba kwao haifungwi kwa nia. Hufungwa kwa mwili, na hata maziwa yana hukumu yake: mwanamke aliyemnyonyesha mtoto wa mwenziwe kwa masharti yanayojulikana huwa mama yake wa kunyonya, na mtoto huyo hawezi kuwaoa binti zake. Qur'ani (58:2) inamtaja mama kuwa ni yule aliyezaa. Baraza la Fiqhi la Makka lilikubali mwaka 1984 kwamba mke mwenza abebe kiinitete cha mke mwenziwe na mume wao, kisha mwaka 1985 likaiondoa ruhusa hiyo, kwa kuwa kuna hatari ya nasaba kuchanganyika. Katika fikra hizi swali la nani alikuwa na wazo kwanza halina hata mahali pa kukaa. Bunge la Uingereza lilifika karibu na hapo kwa njia nyingine kabisa. Sheria yake ya mwaka 1990, mwaka ule ule Johnson alipojifungua, inasema mama ni mwanamke aliyebeba mimba na si mwingine, hata yai likiwa la nani.

Katika mijadala ya Afrika Mashariki imezuka hoja kwamba jambo hili si geni kwetu, kwa sababu mila ya mwanamke kumwoa mwanamke ilikuwapo miongoni mwa Wanandi, Wakipsigis, Wakuria, Wakamba na wengineo. Hoja hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kukumbatiwa. Ni kweli kwamba katika mila hiyo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, huoa, na watoto wa mkewe huwa wa nyumba yake na hurithi mali ya nyumba hiyo. Regine Smith Oboler, aliyechapisha utafiti wake kuhusu Wanandi mwaka 1980, alionyesha jinsi suala zima lilivyozungukia urithi wa mashamba na mifugo ya nyumba. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika shauri la mirathi. Lakini tofauti ni kubwa kuliko ufanano. Mke yule huingia nyumbani na kubaki. Watoto humwita mama, huwalea, na akizeeka ana mahali pa kuketi. Anaweza kuonewa, na wengi wameonewa. Hata hivyo hadithi yake haikatwi siku anapojifungua. Mkataba wa California unamtaka mbebaji aondoke wiki sita baada ya uchungu, na malipo yake ya mwisho ndiyo yanayomwonyesha mlango. Anayeliita jambo hili mila yetu iliyovaa nguo mpya ameiangalia mahari akaisahau nyumba.

Sauti za wabebaji wenyewe zilichelewa kufika katika maandishi ya wataalamu, na zilipofika hazikufanana. Mary Beth Whitehead alichapisha kitabu chake mwaka 1989, lakini yeye alizungumza kama mama aliyenyang'anywa mtoto wake wa damu. Wanaobeba kiinitete cha wengine wana usemi mwingine. Elly Teman, aliyewahoji wabebaji wa Israeli ambako shughuli hii iliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1996, aliwakuta wakiuchora mwili wao kama ramani, sehemu hii yangu, sehemu ile yao, huku wakisisitiza kwamba mtoto hakuwahi kuwa wao na kwamba kazi yao ilikuwa kumfanya mwanamke mwingine awe mama. Kitabu chake kilitoka mwaka 2010. Amrita Pande, katika kitabu cha mwaka 2014, aliandika kuhusu wanawake wa Gujarat, India, waliokaa katika mabweni chini ya uangalizi kwa muda wa mimba zao, kabla India haijapiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2021. Hao walidai udugu kwa damu na jasho walilotoa: yai si letu, lakini damu iliyomkuza ni yetu. Mmoja anachora mpaka, mwingine anaufuta, na wote wawili wanafanya kazi ambayo hukumu ya 1993 haikuwapa nafasi ya kuifanya, yaani kuipa mimba maana wakiwa ndani yake. Sayansi nayo imeongeza neno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uligundua chembe za mtoto katika damu ya wanawake miaka mingi baada ya kuzaa, mmoja wao miaka 27. Chembe hizo hazisomi mkataba.

Fasihi ilikuwa imelitabiri tatizo hili la sauti. Riwaya ya Margaret Atwood kuhusu vijakazi wanaozalishwa kwa ajili ya wakubwa, The Handmaid's Tale, ilitoka mwaka 1985, na imejengwa juu ya kisa cha Raheli na Bilha. Atwood alimpa kijakazi nafsi ya kwanza, jambo ambalo Bilha hakupata. Kisha katika sehemu ya mwisho anawaleta maprofesa kwenye kongamano, karne mbili baadaye, wakiyapima maneno ya mwanamke huyo, wakitania, wakijishughulisha zaidi na kumtambua bwana aliyemmiliki. Jarida lolote la uhakiki lina sababu ya kuisoma sehemu hiyo polepole.

Nchini Kenya swali lilifika katika Mahakama Kuu ya Nairobi kupitia kesi iliyoamuliwa mwaka 2014 na kutambulishwa kwa herufi J.L.N. Mwanamke alikuwa amekubali kubeba kiinitete cha mume na mke, akajifungua pacha. Hospitali haikujua iandike jina la nani katika taarifa ya kuzaliwa, ikaomba mwongozo wa serikali, na watoto wakapelekwa katika makao ya watoto huku watu wazima watatu waliokuwa wamekubaliana kuhusu kila jambo wakibaki mikono mitupu. Jaji David Majanja alieleza kwamba Kenya haina sheria inayotawala suala hili na kwamba kazi ya kuitunga ni ya Bunge. Mwaka huo huo Millie Odhiambo aliwasilisha mswada wa kwanza, na mingine ikafuata katika miaka iliyokuja.

Kesi ya Nairobi inatofautiana na ya California kwa jambo moja ambalo wanasheria hawana haja ya kulitilia maanani sana. Hapa mbebaji na waliokusudia hawakugombana. Walikwenda mahakamani pamoja, upande mmoja, na katika jina la kesi herufi zinazotangulia ni za aliyebeba. Kilichowashinda kilikuwa karatasi ya serikali inayouliza jina la mama, na yenye nafasi ya kuandika moja.